Barua Isiyo na Jina: Nani Atawajibika?

Somo la kujifunza pamoja kwa kamati za sharika na marafiki wa miradi yetu

Masomo: Kumbukumbu la Torati 19:15-21, Matendo ya Mitume 23:12-22, Luka 12:2-3



Katika somo la robo hii tunaomba tuzungumzie jambo ambalo kamati nyingi zinalijua, lakini hulitaja kwa kunong'ona. Ni suala la barua zisizo na jina. Bahasha inakutwa asubuhi chini ya mlango wa ofisi ya usharika. Karatasi iliyokunjwa mara nne inakutwa ndani ya sanduku la maoni. Ujumbe wa simu unaingia kwa wazee watano usiku mmoja, kutoka namba ambayo hakuna anayeifahamu. Mwishoni hakuna jina la mwandishi, ila maneno kama "Mpenda Maendeleo", "Msema Kweli" au "Waumini Wenye Uchungu". Lakini ndani yake lipo jina la mtu: mweka hazina, mwinjilisti, mwenyekiti wa kamati ya maji, au mtumishi wa ofisi ya miradi.

Kwa sisi tunaofanya kazi Kibaha na Kisarawe, jambo hili si dogo. Miradi yetu inasimama kwa fedha za pande mbili: mama anayelipia ndoo ya maji kijijini, na rafiki wa mbali anayetuma sadaka yake. Wote wawili wana haki ya kusema wanapoona fedha inapotea. Hata hivyo, barua moja ya uongo inaweza kumharibia mtu jina alilolijenga kwa miaka ishirini. Vilevile, barua moja ya kweli ikitupwa jalalani, wizi unaendelea na pampu ikiharibika hakuna fedha ya kuitengeneza.

Neno letu kuu ni hili: mtu anaweza kuficha jina lake na bado akawajibika kwa maneno yake; na mtu anaweza kuficha jina lake kwa sababu hataki kuwajibika. Kwa nje barua zao zinafanana. Kazi ya somo hili ni kutusaidia kuzitofautisha.

1. KWA NINI MTU AFICHE JINA?

Tusiharakishe kumhukumu anayeficha jina. Vijiji vyetu ni vidogo na watu wameoleana. Tuchukue mfano. Mama mmoja anachota maji kila siku, na anaona kuwa fedha inayoandikwa kwenye daftari ni pungufu kuliko ndoo zinazochotwa. Anayeshika daftari ni kaka wa mume wake. Mama huyu akisimama mkutanoni na kusema, usiku huohuo ataulizwa nyumbani kwake. Au tumfikirie binti anayeombwa jambo la aibu na mtu mwenye cheo, ili jina lake liingizwe kwenye orodha ya mafunzo ya ushonaji. Je, tutamwambia asiseme lolote mpaka awe tayari kutia sahihi? Mithali 31:8-9 inatuagiza kusema kwa ajili ya wasioweza kujisemea. Basi hatuwezi kuwafungia mlango wale wanaojaribu kujisemea kwa njia pekee wanayoiona.

Sisi Walutheri tunao mfano katika historia yetu wenyewe. Mwezi Aprili 1521, Martin Luther aliitwa mbele ya mfalme mkuu katika mji wa Worms. Vitabu vilikuwa vimewekwa mezani, na majina yake yakasomwa. Luther akaulizwa kama ni vyake, naye akakiri kuwa ni vyake. Kesho yake, tarehe 18 Aprili, akakataa kuyakana aliyoyaandika. Baada ya hapo alitangazwa kuwa mtu asiyelindwa na sheria. Marafiki wakamficha katika ngome ya Wartburg, akafuga ndevu, akaishi kwa jina la bandia la Junker Jörg. Humo ndimo alimolitafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani, na lilipochapwa Wittenberg mwezi Septemba 1522 halikuwa na jina la mfasiri.

Tuone jambo hilo vizuri. Mtu ni yule yule. Alipoulizwa kuhusu maneno yake, alisimama akajibu. Alipowindwa, alijificha. Alificha uhai wake usipotezwe. Hakuyakimbiza maneno yake yasiulizwe.

2. JINA LINAPOFICHWA KWA UBAYA

Biblia inatuonyesha pia upande wa pili. Katika 1 Wafalme 21, Yezebeli anataka shamba la Nabothi. Anaandika barua, lakini jina lake halionekani: anatumia jina la mfalme Ahabu na muhuri wake. Wazee wa mji wanapokea barua, wanatii, wanaweka mashahidi wawili wa uongo, na Nabothi anapigwa mawe mpaka kufa. Hakuna mzee hata mmoja aliyeuliza habari hizi zimetoka wapi. Dhambi ilikuwa ya mwandishi, lakini mikono iliyotekeleza ilikuwa ya kamati.

Hata Wakristo wa kwanza walionja uchungu wa orodha isiyo na jina la mwandishi. Mnamo mwaka 112 hivi, Plinio, liwali wa Kirumi huko Bithinia na Ponto, alimwandikia Kaisari Trayano. Bithinia na Ponto ni miongoni mwa majimbo yanayotajwa katika 1 Petro 1:1. Plinio alieleza kuwa imeletwa karatasi isiyo na jina la aliyeiandika, yenye majina ya watu wengi wanaosemekana kuwa Wakristo. Trayano hakuwa rafiki wa Kanisa. Aliagiza kuwa Wakristo watakaothibitika waadhibiwe. Lakini kuhusu karatasi ile alijibu kwamba mashtaka yasiyo na mwenyewe yasipokelewe katika kesi yoyote. Ikiwa mtawala mpagani aliona hatari hiyo, baraza la wazee wa kanisa halipaswi kuwa nyuma yake.

Sheria ya Musa ilikuwa imeweka msingi huo zamani. Kumbukumbu la Torati 19 inadai mashahidi wawili au watatu. Tena inasema kwamba shahidi wa uongo atatendewa lile alilokusudia kumtendea ndugu yake. Maana yake ni kwamba anayeshitaki anaweka kitu chake rehani. Paulo anairudia kanuni hiyo kwa mashtaka dhidi ya mzee wa kanisa (1 Timotheo 5:19). Naye alipopata habari za magomvi ya Korintho, aliwaambia wazi waliomletea ni watu wa nyumbani mwa Kloe (1 Wakorintho 1:11).

Watu wa Pwani tunaielewa lugha ya mafumbo. Mwanamke akiudhiwa na jirani, hununua kanga yenye maneno yanayofaa, akaivaa na kupita uani. Hamtaji mtu. Lakini yeye mwenyewe anaonekana, na jirani akitaka anaweza kumwuliza: "Dada, hiyo kanga ni yangu mimi?" Fumbo la kanga lina mwenyewe. Barua ya kuchafua haina.

3. SIRI SI SAWA NA KUTOJULIKANA

Hapa tunafika kwenye kiini. Katika Matendo 23, watu zaidi ya arobaini wanakula kiapo kumwua Paulo. Mtoto wa dada yake Paulo anasikia njama hiyo. Angeweza kutupa kikaratasi langoni na kukimbia. Badala yake anakwenda kwa Paulo, kisha anapelekwa kwa jemadari. Jemadari anamshika mkono, anamvuta kando, anamwuliza, anamsikiliza mpaka mwisho, kisha anamwagiza asimwambie mtu yeyote kuwa ameleta habari hizo. Kijana hakutajwa kwa adui, na hata Biblia haikutuachia jina lake. Lakini mtu mmoja mwenye mamlaka alimwona uso na aliweza kumwuliza maswali.

Hiyo ndiyo siri iliyo na uwajibikaji. Umma haujui jina, ila yupo mmoja anayejua. Luther, akifafanua Amri ya Nane katika Katekisimu Kubwa ya mwaka 1529, anafundisha vivyo hivyo: kama huthubutu kusimama mbele ya wenye mamlaka na kujibu, basi nyamaza, na kama unalo jambo la kweli, usilitembeze mitaani, bali lipeleke kwa mhusika au kwa aliyepewa kazi ya kuamua.

Nchi yetu nayo imepita katika njia hii. Baada ya mauaji ya kutisha ya watu wenye ualbino, mwezi Machi 2009 serikali iliendesha kura ya siri, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa. Wananchi waliandika kwenye karatasi majina ya waliowashuku, bila kuandika majina yao wenyewe. Tunaelewa kwa nini: aliyemtaja muuaji hadharani angeweza kuwa wa kufuata. Lakini tunaona pia hatari yake. Karatasi ileile iliyomficha shahidi wa kweli iliweza kumficha mwenye ugomvi wa mpaka wa shamba, au anayemchukia bibi kizee kwa macho yake mekundu. Kwa hiyo jina lililoandikwa kwenye kura ya namna hiyo linaweza kuwa mwanzo wa uchunguzi tu. Haliwezi kuwa hukumu.

Mwaka 2015 Bunge lilipitisha sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Inamlinda anayetoa taarifa kwa nia njema kwa mamlaka inayohusika. Tuzingatie maneno hayo mawili: nia njema, na mamlaka inayohusika. Kwa masuala ya rushwa, TAKUKURU hupokea taarifa kwa simu ya bure namba 113. Kwa usalama wa watoto ipo namba 116. Hizi ni njia za siri, na upande wa pili yupo mtu wa kuuliza maswali.

Wapo wanaodhani namba ngeni ya simu ni giza tosha. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza mwezi Mei 2019, na laini ambazo hazikusajiliwa zilianza kuzimwa Januari 2020. Lakini kwa mwamini hilo si jambo kubwa. Luka 12:2-3 inasema hakuna lililofichwa ambalo halitafunuliwa, na linalonong'onwa chumbani litatangazwa juu ya dari. Jina letu tunaweza kumficha mwenyekiti. Mungu hatuwezi kumficha.

4. KWA ANAYETAKA KUANDIKA

Ndugu, dada, kabla hujakunja karatasi yako, jiulize maswali haya mbele za Mungu:

(a) Nimeona mwenyewe, au nimesikia? Kama umesikia, andika kuwa umesikia. Methali yetu husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Lakini methali si stakabadhi.

(b) Ninajificha ili nisidhurike, au ili nisiulizwe? Jipime hivi: kama hatari ingeondoka leo, ungeitia sahihi barua hii? Ukiona moyo wako unasema hapana, ichane.

(c) Je, yupo hata mtu mmoja ninayeweza kumwambia uso kwa uso? Mchungaji, mama wa kikundi cha wanawake, mratibu, mkaguzi, au ofisi ya mkuu wa jimbo. Kama mmoja wao ndiye mtuhumiwa, mwendee mwingine.

(d) Kama kweli hayupo, je, barua yangu inaweza kujijibia yenyewe? Barua isiyo na jina haiwezi kuitwa na kuulizwa. Kwa hiyo iandike kwa mambo yanayoweza kuhakikiwa bila wewe: tarehe, mahali, kiasi, namba ya stakabadhi, mifuko mingapi ya saruji iliandikwa na mingapi ilishushwa. Ukiandika "mweka hazina ni mwizi", hujasaidia chochote. Ukiandika "tarehe fulani ilishushwa mifuko 30, daftari linasema 50", umetoa kazi inayoweza kufanyika kesho asubuhi.

(e) Kuna neno lolote humu lisilohusu kosa? Habari za ndoa ya mtu, kabila lake, ugonjwa wake, au kutozaa kwake hazina nafasi. Ziondoe.

5. KWA KAMATI INAYOPOKEA

Uwajibikaji si wa mwandishi peke yake. Kamati nayo itaulizwa ilifanya nini. Tunapendekeza hatua hizi:

(i) Barua isisomwe kwa sauti mkutanoni, wala isipigwe picha na kutumwa kwenye simu. Sanduku la maoni lifunguliwe na watu wawili, mmoja wao mwanamke, na lisiwe na ufunguo kwa anayeshika fedha.

(ii) Tenganisheni tuhuma inayoweza kuhakikiwa na matusi. Andikeni tuhuma kwa maneno yenu kwenye karatasi nyingine, na asili ifungiwe. Kama barua yote ni matusi, iandikwe kuwa imepokelewa na haina la kufuatilia.

(iii) Anzeni na vitu kabla ya watu: daftari, stakabadhi, stoo, taarifa ya benki. Mara nyingi mambo haya yatasema kabla ya yeyote kuitwa.

(iv) Mtuhumiwa asikilizwe. Hata liwali Festo aliijua kanuni hiyo ya Kirumi (Matendo 25:16). Mtuhumiwa aelezwe tuhuma, apewe muda, na aruhusiwe kuleta vielelezo. Akionekana hana kosa, tangazo la kumsafisha liwe kubwa kama uvumi ulivyokuwa.

(v) Msimtafute mwandishi. Kulinganisha miandiko na madaftari ya kwaya, au kuwaapisha watu madhabahuni ili ajulikane nani aliandika, ni kuwatisha wanyonge. Mkifanya hivyo mara moja, sanduku litabaki tupu, nanyi mtadhani kuwa mradi hauna tatizo.

(vi) Toeni majibu. Bandikeni kwenye ubao wa matangazo kwa maneno machache: tumepokea taarifa kuhusu fedha za maji, tumekagua, tumekuta hivi, tumeamua hivi. Hii ndiyo njia pekee ya kumjibu mtu msiyemjua.

Tukumbuke kwamba wingi wa barua zisizo na jina ni taarifa kuhusu uongozi wetu. Mahali ambapo mapato na matumizi husomwa kila mwezi na maswali hujibiwa bila hasira, watu hawana haja kubwa ya kuandika usiku.

6. KWA MARAFIKI WANAOTUSAIDIA

Kibaha ina historia ndefu ya urafiki wa mbali. Mwaka 1963 Tanganyika na nchi za Denmaki, Finlandi, Norwe na Uswidi zilianzisha pale mradi uliozaa Shirika la Elimu Kibaha, na mwaka 1970 ukakabidhiwa kwa Tanzania. Urafiki wa namna hiyo huvuka bahari kwa taarifa zenye sahihi na kwa watu wanaokubali kuulizwa.

Wakati mwingine barua isiyo na jina huvuka bahari pia, ikafika moja kwa moja kwa mfadhili. Tunawaomba mambo matatu. Kwanza, msiipuuze, huenda mwandishi alijaribu milango yote ya karibu. Pili, msiirudishe nakala yake kama ilivyo. Mwandiko, mpangilio wa maneno na jambo dogo ambalo watu watatu tu wanalijua vitamtambulisha mwandishi mara moja. Tumeni maswali, msitume karatasi, na mkiona inafaa ombeni ukaguzi wa mtu wa nje. Tatu, msifunge fedha kimyakimya. Mkisimamisha, semeni mmesimamisha sehemu gani, kwa sababu gani, na mpaka lini. Ukimya wenu ukidumu, anayeteseka ni mama anayerudi kuchota maji ya bwawani, naye hakuiba wala hakuandika.

7. MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

1. Sanduku letu la maoni liko wapi, nani ana ufunguo, na lilifunguliwa lini mara ya mwisho?

2. Mama wa mfano wetu angetoka katika mtaa wetu, angemwendea nani? Tumtaje mtu huyo kwa cheo, na tumwulize kama yuko tayari.

3. Je, kuna mtu katika usharika wetu aliyechafuliwa kwa barua, akaonekana hana kosa, na hatujamsafisha hadharani? Tutafanya nini, na lini?

4. Someni Mathayo 18:15-17. Ni makosa gani yanafaa kuanza kwa kuonana wawili faraghani, na ni yapi ambayo kumpeleka mnyonge peke yake kwa mkosaji kungemwongezea madhara?

Wapendwa, Amri ya Nane haitukatazi tu kumshuhudia jirani uongo. Katekisimu inatufundisha pia kumtetea jirani na kulinda jina lake. Jirani huyo ni mweka hazina aliyetajwa kwenye barua. Jirani huyo pia ni mama aliyeogopa kutia sahihi. Kamati inayomcha Mungu itawalinda wote wawili, kwa kutafuta ukweli bila kelele na bila woga.

Tuombe: Ee Bwana, wewe unatujua kwa majina hata tunapojificha. Utupe ujasiri wa kusema lililo kweli, utuzuie tusiseme lisilo kweli, na uwape viongozi wetu masikio ya kusikia na subira ya kuchunguza. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Ofisi ya Mratibu wa Miradi